Ngozi Haingoji Baridi Ifike: Somo Nililolipata Usiku wa Samhain

Wanafunzi wenzangu, naanza na chupa ya mafuta ya nazi.

Bibi yangu alinipa chupa hiyo Pangani, siku mbili kabla sijapanda ndege kwenda Ireland kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, mdomo mwembamba, imejaa mpaka juu. "Huko kuna baridi, mjukuu wangu. Jipake kila ukioga," akasema. Nikaitika "Ndiyo bibi," nikaisokomeza katikati ya nguo, nikaisahau.

Nilifika Dublin mwanzoni mwa Septemba. Nilipoikumbuka ilikuwa katikati ya Oktoba, na mafuta yalikuwa yameganda kama mshumaa. Nikaigeuza chupa, nikaiminya, wapi! Halitoki hata tone. Nikajisemea basi, yameshaharibika, nikairudisha kabatini. Kumbe mafuta ya nazi hayaharibiki kwa baridi. Huganda tu joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na chumba changu kilikuwa na nyuzi 18. Ningeiweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto dakika chache, mambo yangekwisha. Lakini mimi, mwalimu mtarajiwa niliyesoma kemia mpaka kidato cha nne, sikulifikiria hilo. Ngozi yangu ndiyo iliyolipa.

Naandika haya kama somo, kwa sababu kila mwaka wapo wenzetu wanaopata nafasi ya kwenda nchi za baridi, na wapo wengi zaidi wanaopangiwa mafunzo kwa vitendo Njombe, Makete au Mbeya wakati wa kipupwe. Malengo ni matatu: ukimaliza uweze kueleza Samhain ni nini, uweze kueleza kwa nini ngozi hukauka baridi inapokaribia, na ujue la kufanya kabla haijapasuka.

Mwalimu mwenye mikono mfukoni

Sehemu ya masomo yangu kule ilikuwa kwenda shule ya msingi mara mbili kwa wiki, kwanza kutazama, kisha kufundisha vipindi vifupi. Kufikia wiki ya tatu ya Oktoba mikono yangu ilikuwa imepauka, rangi ya majivu, na vifundo vya vidole vimeanza kuchanika. Nikikunja ngumi, damu inachungulia.

Siku moja mtoto wa miaka minane hivi akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mbona mikono yako ina chaki na hujaandika ubaoni?"

Darasa likacheka. Halikuwa na ubaya, ni watoto. Lakini nilikuwa mtu mweusi peke yangu mle ndani, na swali lile liliniingia. Tangu siku hiyo nikafundisha mikono ikiwa mfukoni. Sasa wewe unayesoma ualimu jiulize: mwalimu asiyetoa mikono mfukoni ataandikaje ubaoni? Atagawaje madaftari? Kwenye ripoti ya wiki msimamizi wangu akaandika kwamba sijiamini mbele ya darasa. Alama zikashuka. Niliona aibu kumwambia kwamba tatizo ni vidole, si moyo. Nikaanza hata kupanga jinsi ya kuomba niondolewe kwenye zoezi lile, nibaki na vipindi vya ukumbini tu.

Kilichoniokoa ni likizo. Shule za Ireland hufungwa wiki moja mwishoni mwa Oktoba, na likizo hiyo inakwenda sambamba na sikukuu ambayo dunia inaiita Halloween. Wenyewe, kwa Kiairishi, wanaiita Samhain. Inaandikwa hivyo lakini inatamkwa kama "sawin".

Siku inayoanza jioni

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja wa umri wa bibi yangu, aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe huko Meath. Alitaka nimwite kwa jina lake. Nilishindwa. Mtu mzima kama yule nitamwitaje kwa jina kavu? Nikawa namwita Mama, akazoea.

Jioni ya tarehe 31 Oktoba alikuwa jikoni anakata mkate wa zabibu kavu uitwao barmbrack, ambao ndani yake hufichwa pete. Anayeipata kwenye kipande chake huambiwa ataolewa au ataoa mwaka huo. (Sikuipata mimi, wala msiniulize.) Nikamwambia nilidhani sikukuu ni kesho, tarehe 1 Novemba. Akanijibu kwamba zamani siku ilianza jua likizama, kwa hiyo Samhain imeshaingia.

Nikacheka, kwa sababu hilo halikuwa geni kwangu. Sisi wa pwani tukisema "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee, tunamaanisha ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Saa yetu ya kwanza ya usiku inaanza jua likishazama. Basi Wakelti nao walihesabu hivyohivyo. Julius Caesar, aliyepigana nao huko Galia, yaani Ufaransa ya leo, katika karne ya 1 KK, aliandika kwamba watu wale walihesabu muda kwa usiku badala ya mchana, na usiku ndio uliotangulia. Mwaka 1897, mjini Coligny huko Ufaransa, zilipatikana vipande vya kalenda yao iliyochongwa kwenye shaba. Mwezi mmoja humo unaitwa Samonios, jina ambalo wataalamu wengi wanalihusisha na Samhain.

Kama siku ilianza na giza, mwaka nao ulikuwa na nusu yake ya giza. Kwa Waairishi wa kale mwaka ulikuwa na nguzo nne: Imbolc mwanzoni mwa Februari, Bealtaine mwanzoni mwa Mei, Lughnasa mwanzoni mwa Agosti, na Samhain mwanzoni mwa Novemba. Bealtaine ilifungua nusu ya mwanga. Samhain ilifungua nusu ya giza. Na giza la kule si mchezo. Kwetu mchana haupishani sana na saa kumi na mbili mwaka mzima, lakini Dublin ikifika tarehe 21 Desemba mchana wote ni saa saba na nusu.

Hadithi za Samhain ziliandikwa na watawa wa Kikristo katika Zama za Kati, karne nyingi baada ya dini ya kale kufifia. Humo usiku wa Samhain ndio mlango kati ya dunia yetu na ile ya viumbe wasioonekana unapofunguka. Kanisa nalo likaja kuweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na kuwaombea Marehemu Wote tarehe 2, siku ambayo Wakatoliki wengi wa kwetu huenda makaburini. Halafu Waairishi waliokimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 wakaenda na desturi zao Marekani. Kule kwao taa za usiku huo zilichongwa kwenye mboga ya mizizi iitwayo tanipu, ngumu kama muhogo mbichi. Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini. Ndiyo maana leo ukiona picha za Halloween unaona boga.

Kuhesabu ng'ombe kabla ya giza

Lakini Mama hakuanza na mizimu. Alianza na ng'ombe.

Alieleza kwamba tangu zamani mifugo ilipelekwa malisho ya milimani mwezi Mei, na vijana wakakaa nayo huko kiangazi chote. Ikifika Samhain inateremshwa. Hapo ndipo mwenye mifugo anahesabu: nyasi kavu nilizonazo zitalisha ng'ombe wangapi mpaka majani yaote tena? Wale ambao chakula hakitawatosha wanachinjwa wakati huo huo, wakiwa bado wamenona. Nyama inatiwa chumvi, mafuta yanayeyushwa kuwa mishumaa, ngozi inatengenezwa. Anayengoja mpaka Januari ndipo ahesabu, atakuta mnyama amekonda, nyasi zimekwisha, na hakuna pa kukimbilia.

"Baridi haikuui siku inapofika," aliniambia. "Inakuua kwa kile ambacho hukukifanya kabla."

Nami nilikuwa nimeweka mikono yangu chini ya meza.

Mkono wa miaka zaidi ya elfu mbili

Siku mbili baadaye nikaenda Makumbusho ya Taifa ya Ireland, mtaa wa Kildare, Dublin. Kuingia ni bure, na mjuavyo, bumu la mwanafunzi halipendi kiingilio. Kule ndani kuna chumba cha watu wa kinamasi: watu wa kale ambao miili yao ilizama kwenye vinamasi vya mboji na ngozi zao zikabaki. Maji ya vinamasi vile ni ya asidi, hayana oksijeni ya kutosha, na mimea ya humo hutoa kemikali zinazoifanya ngozi kuwa kama iliyotengenezwa kiwandani. Bakteria wa kuozesha hawapati nafasi.

Mmoja anaitwa Mtu wa Old Croghan. Alipatikana mwaka 2003. Aliishi kati ya mwaka 362 na 175 KK. Kimebaki kiwiliwili na mikono tu, lakini ile mikono! Mistari ya vidole inaonekana. Kucha ni safi, zimetunzwa, na wataalamu wanasema si mikono ya mtu aliyefanya kazi ngumu. Mwenzake, Mtu wa Clonycavan, aliyepatikana mwaka huohuo, alikuwa amepaka nywele mchanganyiko wa mafuta ya mimea na utomvu wa msonobari uliotoka kusini, Ufaransa au Hispania. Yaani huyu bwana, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alitumia mafuta ya nywele kutoka ng'ambo.

Nilisimama pale mbele ya kioo, nikatoa mikono yangu mfukoni, nikailinganisha na ya marehemu. Yake ilikuwa na hali nzuri kuliko yangu.

Tena hawakuwa hawa tu. Mrumi aitwaye Pliny, katika karne ya 1 BK, aliandika kwamba watu wa Galia ndio waliovumbua kitu kinachoitwa kwa Kilatini *sapo*, kinachotengenezwa kwa shahamu ya wanyama na majivu, nao walikitumia kung'arisha nywele ziwe nyekundu. Neno hilo likapita kwa Wagiriki, likafika kwa Waarabu kama *sabun*, likatua pwani yetu likawa sabuni. Kwa hiyo kila unapoagiza mche wa sabuni dukani unatamka neno lililosafiri mbali kweli.

Na sabuni ndiyo inayotuingiza kwenye sayansi, kwa sababu ilikuwa nusu ya tatizo langu.

Kwa nini ngozi hukauka

Tabaka la juu kabisa la ngozi lichukulie kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa zilizojipanga, na udongo unaozishika ni mafuta ya asili, yakiwemo yale yanayoitwa seramidi. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo. Udongo ukibanduka, maji yanatoka, matofali yanainuka kingo. Kingo hizo hutawanya mwanga, na kwenye ngozi nyeusi tunaona ule upaukaji wa kijivu. Haukuwa uchafu wala chaki, ni ukuta uliobomoka.

Unabomolewa na vitu vitatu.

Cha kwanza ni hewa. Hewa ya nyuzi 30, kama ya Pangani, inaweza kubeba karibu gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 inabeba karibu gramu 7 tu. Sasa ichukue hewa hiyo ya nyuzi 5, hata kama nje kuna ukungu na mvua, iingize ndani na uipashe joto hadi nyuzi 20. Hewa ya nyuzi 20 ina nafasi ya gramu 17, lakini hii ina zile 7 tu, yaani asilimia 40 hivi. Inakuwa na kiu, na inakunywa kutoka kwenye ngozi yako. Ndiyo maana nilikauka Dublin, mji wa mvua, nikiwa nimekaa ndani karibu na kipasha joto.

Cha pili ni maji ya moto. Baridi ikibana, kuoga maji yanayochoma kwa nusu saa ni raha, lakini mafuta ya ngozi huyeyuka yakaenda na maji.

Cha tatu ni sabuni yenyewe. Sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10. Ngozi inapenda karibu na 5. Nami nilikuwa nimebeba miche miwili ya sabuni ya kufulia, naoga nayo mwili mzima asubuhi na jioni, kwa kubana matumizi.

La kufanya

Nilimpigia bibi simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona sauti imepooza?"

Nikamweleza yote, hadi chupa. Akacheka mpaka akakohoa. "Yameganda, hayajafa. Yapashe moto. Na unajipaka saa ngapi?"

"Asubuhi, nikishavaa, kabla sijatoka."

"Mwili umeshakauka hapo! Mafuta hupakwa mwili ungali na maji. Hukuniona mimi?"

Kweli nilimwona, utoto wangu wote. Na madaktari wa ngozi wanasema hilohilo. Hizi hapa hatua, nilizozifuata mimi:

1. Anza kabla ya baridi. Kama unakwenda Ulaya, anza Septemba. Kama unakwenda Njombe, anza Mei.

2. Oga maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi, basi.

3. Sabuni itumie panapohitaji: kwapani, kinenani, nyayoni. Mikono na miguu mingine maji yanatosha siku nyingi. Chagua sabuni laini isiyo na manukato.

4. Jipanguse kwa kugusagusa taulo, usijisugue. Ndani ya dakika tatu hivi jipake, ngozi ikiwa bado na unyevu.

5. Jua kazi ya kila kitu. Gliserini na yurea huvuta maji na kuyashika. Mafuta ya nazi na shea hulainisha na kujaza nyufa. Mafuta ya mgando hufunika juu maji yasitoke. Kwa baridi kali, paka losheni yenye gliserini kwanza, kisha mafuta ya mgando juu yake. Ile tabia yetu ya kuchanganya gliserini na limau iache, limau huchoma ngozi iliyochanika.

6. Mikono ipake kila baada ya kunawa. Usiku paka kwa wingi, vaa soksi safi za pamba mikononi, lala. Utachekwa na mwenzako wa chumbani, lakini wiki moja utaona. Nje vaa glavu.

7. Usikimbilie krimu za kujichubua ukidhani zitaondoa upaukaji. Zenye zebaki ni sumu, na zenye steroidi kali hutumiwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba, yaani unabomoa ukuta zaidi.

8. Nyufa zikitoa usaha, zikivimba, au muwasho ukikunyima usingizi, nenda zahanati. Inaweza kuwa pumu ya ngozi au maambukizi, na hayo yana dawa yake.

Kwa wanaokwenda kaskazini, ongezeni moja: ulizeni daktari kuhusu vitamini D. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la kule halina nguvu ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi.

Kurudi darasani

Likizo ilipokwisha vidole vilikuwa havijapona kabisa, lakini havitoki damu. Mama alikuwa amenipa kikopo cha mafuta ambayo wafugaji hupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, akisema kwao shambani kila mkamuaji aliyapaka mikononi. Nikayachanganya na ushauri wa bibi.

Nikaomba kipindi cha sayansi. Nikachukua majani mawili mabichi, moja nimelipaka mafuta ya mgando siku mbili kabla, jingine sijalipaka, yote yamelala karibu na kipasha joto. La pili lilikuwa limekunjamana. La kwanza bado laini. Kisha nikatoa mikono mfukoni, nikainyoosha mbele ya darasa, nikamwambia yule mtoto: "Uliniuliza swali zuri na sikukujibu. Leo nakujibu."

Walikuja mmoja mmoja kuangalia. Wengine wakaonyesha mikono yao wenyewe, myekundu, imechanika vilevile. Mmoja alikuwa akiificha kwenye mikono ya sweta tangu Septemba. Nilikuwa sijamwona, kwa sababu nilikuwa nikishughulika kuificha ya kwangu.

Ripoti ya wiki ile ilisema nimebadilika. Sikubadilika, nilijipaka mafuta.

Kazi ya nyumbani: kabla hujafunga begi la kwenda ulikopangiwa, fanya kama mfugaji wa Samhain. Kaa chini jioni moja, hesabu miezi ya baridi iliyo mbele, hesabu ulichonacho. Kisha mpigie simu bibi yako, au mzee yeyote aliyekuogesha ukiwa mdogo, umuulize mafuta hupakwa lini. Na yakiganda, usiyatupe.